Kujitoa kwenye magrupu na orodha za barua: majibu kwa wasomaji wa Kigoma

Maswali mengi ya safari hii yanatoka kwa watu wanaotaka kutoka mahali fulani kwenye simu au kompyuta zao, na hawatoki. Nimechukua machache ambayo majibu yake yatawafaa na wengine walioandika.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Miaka ya nyuma nilijiunga na orodha ya barua pepe ya walimu wa jiografia. Sasa barua zake sizihitaji tena. Nimeandika mara kadhaa "Naomba mniondoe", lakini hakuna anayeniondoa, ila wanachama wengine wananijibu, na mmoja ameniambia nijifunze kusoma. Nikibonyeza kiungo cha kujitoa naambiwa anwani yangu haimo. Haimo vipi na barua zinakuja kila siku? (Kasulu)

Shikamoo mwalimu. Aliyekujibu vile amekukosea, na hakukusaidia. Tatizo lako ni la kawaida kabisa na lina sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni anwani unayoandikia. Orodha ya namna hiyo huwa na anwani zaidi ya moja. Ipo ya kuwaandikia wanachama wote, na chochote ukipeleka huko kinasambazwa kwa kila mtu, hata ombi lako la kutoka. Ipo nyingine inayosomwa na programu. Kwenye orodha zinazoendeshwa na programu iitwayo Mailman, ambayo hutumiwa sana kwa kazi hii, anwani ya kujitoa ni jina la orodha, kisha kistari, kisha neno leave, halafu alama ya @ na yanayofuata. Unatuma barua tupu huko. Programu inakuandikia kukuuliza kama kweli ni wewe, nawe ni lazima ujibu. Wengi wanakwama hapo. Barua ya kuthibitisha inaangukia kwenye folda ya taka, hawaioni, wanadhani wameshatoka. Uthibitisho huo umewekwa ili mtu mwingine asije akakutoa kwa kutumia jina lako.

Sababu ya pili ndiyo inayofanya uambiwe haumo. Karibu kila mara mtu wa namna yako alijiunga kwa anwani nyingine, labda ile aliyofunguliwa zamani kwenye intaneti kafe. Baadaye akafungua mpya, akaagiza barua za ile ya zamani zihamishiwe huku. Orodha inaijua ya zamani tu. Kuhakikisha, tumia kompyuta. Kama ni Gmail, fungua barua moja ya orodha hiyo, bonyeza nukta tatu zilizo kulia, chagua Show original. Utaletewa maandishi marefu yasiyosomeka vizuri, usiyaogope. Tafuta mstari unaoanza na Delivered-To. Ukiuona zaidi ya mara moja, soma ule wa chini kabisa. Mara nyingi anwani iliyopo hapo ndiyo iliyosajiliwa, na ndiyo ya kuitoa.

Ukishindwa kuifungua ile ya zamani kwa sababu nywila imepotea, usihangaike. Mwandikie mwenye orodha: jina la orodha, kistari, neno owner, kisha @. Mwambie hivi tu: "Habari za kazi. Naomba kuondolewa kwenye orodha. Anwani iliyosajiliwa ni hii. Asante." Kumtoa mtu ni kazi ya dakika moja kwa mwenye orodha, na mwenye orodha anayekaa na ombi kama hilo wiki nzima anawakosea wote, anayetaka kutoka na wanaosumbuliwa na barua zake.

Na nyinyi mnaojibu "na mimi mnitoe": kila jibu lenu linakwenda kwa wote. Oktoba 1997 ndani ya Microsoft mtu aliandikia orodha yenye watu wapatao 13,000 akiomba atolewe, wengine wakafuata kwa ombi hilohilo, mitambo ya barua ikaelemewa. Novemba 2016 yakawapata wafanyakazi wa huduma ya afya ya Uingereza, NHS: barua moja ya majaribio iliwafikia mamia ya maelfu, waliobonyeza "jibu wote" wakiomba kutolewa ndio walioijaza mitambo. Ukiona barua kama hiyo imekufikia kwa makosa, nyamaza. Kama ni wewe unayeandikia watu wengi wa halmashauri au shule kwa pamoja, anwani zao ziweke kwenye sehemu ya Bcc, ambayo huwaficha wapokeaji wasionane anwani. Hapo hata mtu akibonyeza "jibu wote", jibu litakufikia wewe peke yako.

Nimo kwenye kamati za harusi nne kwa mpigo, zote za WhatsApp. Mbili niliunganishwa bila kuulizwa, na bwana harusi mmoja simjui hata kwa sura. Nikitoka wataona, na maneno yatamfikia mama. (Mwanga)

Dada yangu, tangu Agosti 2022 WhatsApp haitangazi tena kwa grupu zima kwamba fulani ametoka. Taarifa inakwenda kwa maadmini peke yao. Lakini mwenye kuchunguza anaweza kuona majina ya waliotoka ndani ya siku 60, kwa hiyo usitoke ukitegemea kwamba hakuna atakayejua. Toka kwa namna ambayo hata wakijua hutaona haya.

Zitenganishe hizo nne. Ya ndugu, jirani au mfanyakazi mwenzako usitoke. Zima mlio wake moja kwa moja, ihamishie kwenye archive isikujazie ukurasa wa mbele, uwe unaipitia jioni. Zima pia picha na video kujipakua zenyewe, maana hizo ndizo zinazokula bando. Ya huyo usiyemjua, mwandikie mwenyekiti faraghani kabla hujatoka: "Nawatakia maandalizi mema. Mimi sitaweza kushiriki, naomba nitoke kwenye grupu." Usitoe sababu. Ukitoa sababu watakujadili: ukisema umebanwa utaambiwa hata kidogo kinatosha, ukisema uko safarini utatumiwa namba ya kulipia.

Kosa ninaloliona sana ni mtu kuandika ahadi asiyokusudia kuitimiza ili apate amani. Jina lake linaingia kwenye orodha ya ahadi, na orodha hiyo inabandikwa tena kila jioni na deni lake likiwa pembeni. Mweka hazina atamfuata mpaka siku ya ukumbi. Na mama atasikia hilo mapema kuliko angesikia kwamba umetoka.

Kuzuia yasijirudie, ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya faragha, kisha magrupu, uchague kwamba wanaoweza kukuunganisha ni wale tu ulionao kwenye orodha yako ya namba. Asiyekuwemo atalazimika kukutumia mwaliko, nao ukiuacha siku tatu unakufa wenyewe.

Naomba niseme na kamati zenyewe. Mtu aulizwe kabla ya kuunganishwa. Ni meseji moja tu. Na siku ya kuvunja kamati, grupu nalo livunjwe: wekeni mapato na matumizi, washukuruni watu, wapeni siku chache za kuhifadhi picha, kisha lifungeni. Yapo magrupu ya harusi ambazo maharusi wake sasa wana mtoto anayetembea, na bado yanauza vitenge na viwanja. Waliomo wanaona haya kutoka kwa sababu waliingia kwa heshima ya mtu.

Nauza dagaa. Kila nikiweka vocha inakatwa, na kila asubuhi naletewa meseji za nyota na nyimbo za miito nisizoziomba. Mjukuu amejaribu kuzizuia ameshindwa. (Kibirizi)

Shikamoo mama. Hapo umesajiliwa kwenye huduma ya kulipia, pengine kwa kubonyeza kitufe kwenye ujumbe uliojitokeza ghafla kwenye skrini. Kuizuia meseji isionekane hakuzuii makato, kwa hiyo mjukuu asiishie hapo. Asome mwisho wa meseji yenyewe. Huwa kuna neno la kujitoa, kama ONDOA au STOP, na namba fupi ya kulituma. Alitume kama lilivyoandikwa, bila kuongeza salamu, kwa sababu linasomwa na mtambo.

Kama neno halipo, au mtumaji ni jina lisiloweza kujibiwa, pigeni 100 kwa huduma kwa wateja wa mtandao wenu. Semeni: "Naomba mniondoe kwenye huduma zote za kulipia nilizosajiliwa, na mnisomee moja moja." Ombeni namba ya malalamiko, iandikeni kwenye daftari la mauzo. Kisha wekeni salio dogo mlifuatilie siku mbili. Makato yakiendelea, rudini kwao na ile namba. Wakishindwa kuwatatulia, malalamiko yanakwenda TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, nao watataka kujua kwanza kampuni ilijibu nini.

Jambo moja msilichanganye na hilo. Meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" au ya mganga haitokani na huduma yoyote, ni ya matapeli. Wale msiwajibu hata kwa neno la kuwafukuza, kwa sababu mkijibu mmewaambia namba hii ina mtu. Itumeni meseji hiyo kwenda 15040, kisha fuateni maelekezo yatakayorudi.

Mimi ni katibu wa grupu la wakulima wa michikichi. Tunatoa bei ya mawese na taarifa za miche. Mtu akitoka huwa namrudisha kwa sababu taarifa zinamfaa. Mmoja amesema atanishtaki. Anaweza? (Mwandiga)

Ndugu katibu, acha kuwarudisha kuanzia leo. Nia yako naiona, lakini mtu mzima aliyetoka ameshakujibu.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Namba ya simu ni taarifa binafsi. Sheria hiyo inampa mtu haki ya kumtaka anayetumia taarifa zake kumtangazia biashara aache, na ipo Tume inayopokea malalamiko. Nyinyi mnatangaza miche na mafuta, kwa hiyo usilichukulie tishio lake kuwa la hasira tu. Mwombe radhi kwa meseji ya faragha, umhakikishie kwamba namba yake imefutwa kwenye daftari la kikundi.

Kisha lichungulie grupu lako kwa jicho la anayetoka. Nadhani utakuta mkulima anayetafuta bei ya mawese kabla ya kupakia madumu analazimika kupita kwenye salamu za Ijumaa, salamu za Jumapili, video za vichekesho na ugomvi wa Simba na Yanga. Fungua grupu la matangazo ambalo maadmini peke yao ndio wanaandika, bei itoke hapo saa ileile kila siku. Mazungumzo yabaki kwenye grupu jingine, na kila mtu achague. Kwenye maelezo ya grupu andika kwamba anayetaka kutoka yuko huru na anaweza kurudi wakati wowote. Watakaobaki watakuwa wachache kuliko sasa, ila watakuwa wanasoma.

Nimehitimu chuo na natafuta kazi. Barua za tovuti za ajira zimejaza Gmail yangu mpaka naambiwa nafasi imeisha. Nijitoe moja moja? (Ujiji)

Ndiyo mdogo wangu, lakini ni rahisi kuliko unavyodhani. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawataka wanaotuma matangazo kwa wingi waweke njia ya kujitoa kwa mbonyezo mmoja, bila kuulizwa nywila, na waitekeleze ndani ya siku mbili. Ndiyo maana karibu na jina la mtumaji unaona neno Unsubscribe. Anza na wanaotuma kila siku.

Barua uliyoiomba mwenyewe usiibandike alama ya taka kwa hasira. Wengi mkifanya hivyo, hata tangazo halali la usaili litaanza kuangukia kwenye taka za wenzako. Alama hiyo iwe ya wale usiowajua kabisa, na viungo vyao usiviguse.

Kujitoa hakufuti zilizokwisha ingia. Gmail inakupa GB 15 kwa pamoja na Drive na picha zako, kwa hiyo tafuta jina la kila tovuti, chagua zote, futa, kisha safisha na folda ya zilizofutwa.

Nikitoka kwenye grupu la WhatsApp, picha za msiba wa baba zilizowekwa humo zitapotea? (Katubuka)

Pole sana. Hazipotei kwa kutoka. Grupu linabaki kwenye simu yako na unaweza kulisoma, mpaka wewe mwenyewe ulifute. Ila picha ambayo hukuwahi kuifungua huenda isipakuliwe tena baadaye, kwa hiyo zifungue zote kwanza, uzihifadhi kwenye galari, ndipo utoke.