Chembe zinazojipanga zenyewe ndani ya fuwele kioevu

Fuwele kioevu ni fuwele au ni kioevu?

Inamiminika, lakini molekuli zake ndefu zimeelekea upande mmoja. Ni kama kundi la dagaa: kila mmoja anasogea, vichwa vyote viko mbele. Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea huko Prague, aliiona mwaka 1888: dutu yake iliyeyuka kwa nyuzi 145.5 za Selsiasi ikawa na ukungu, na ilipofika 178.5 ndipo ikawa angavu.

Nani anazipanga chembe humo ndani?

Hakuna mkono. Chukua vitufe vya kioo, yaani vijipira vyenye upana wa mikromita chache (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), uvitie ndani ya fuwele kioevu; uso wake umepakwa dawa inayozifanya molekuli zisimame juu yake kama miiba ya nungunungu. Karibu na kitufe molekuli zinaelekea kila upande. Mbali kidogo zote zinafuata mwelekeo mmoja. Mipangilio hiyo miwili haipatani, kwa hiyo mahali fulani lazima mpango uvunjike. Hapo inazaliwa kasoro: ama nukta moja pembeni mwa kitufe, ama pete inayokizunguka kiunoni kama ile ya sayari ya Zohali.

Kasoro hiyo ndiyo inayonivutia kuliko yote. Kuupinda mpangilio wa molekuli kunadai nishati. Vitufe viwili vikikaribiana vizuri, upindaji unapungua, nishati inashuka, navyo vinavutana. Vyenye nukta hujipanga kama shanga: kitufe, nukta, kitufe, nukta. Philippe Poulin na wenzake walionyesha minyororo hiyo mwaka 1997 kwa matone ya maji. Mwaka 2006 kundi la Igor Muševič, Ljubljana, Slovenia, likaunda fuwele bapa za vitufe, likiviongoza kwa mwale wa leza.

Mbona tope ndani ya maji halijipangi hivyo?

Molekuli za maji hazina mwelekeo wa pamoja, basi hakuna cha kupindwa. Katika fuwele kioevu, nishati inayovishika vitufe vya ukubwa huo inaweza kuzidi mitikisiko ya joto mara maelfu.

Ina faida gani?

Chembe zikipangwa kwa nafasi zinazolingana na urefu wa wimbi la mwanga, zinaweza kuuelekeza au kuuzuia. Hilo ndilo linalotafutwa maabara.

Zikishashikana, zinaweza kuachana?

Ndiyo. Pasha moto. Fuwele kioevu inayotumika sana maabara, 5CB, hupoteza mpangilio wake karibu na nyuzi 35, chini ya joto la mwili wako. Mwelekeo ukitoweka, kasoro nazo hutoweka, na mvuto ule unakwisha.