Je, Kuwatoza Matajiri Kodi Kubwa ni Kupinga Mgawo wa Mwenyezi Mungu?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Ndugu yetu mmoja anadai kuwa serikali inayowatoza matajiri zaidi ili kuwahudumia maskini inapingana na Mwenyezi Mungu, aliyewatofautisha waja wake katika riziki. Ni kweli? Na je, kodi hiyo yaweza kuhesabiwa kuwa zaka?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Ndugu yako anategemea Suratu Zukhruf, aya ya 32, na ni kweli humo mmetajwa watu kupandishwa daraja wengine juu ya wengine. Ila hakuisoma pamoja na aya ya 7 ya Suratul Hashr, iliyowawekea mayatima, maskini na wasafiri fungu katika mali ya fai, yaani mali iliyopatikana kwa maadui bila vita, na sababu ikatajwa papo hapo: mali isiwe inazunguka baina ya matajiri tu.

Sayyidna Umar (r.a.), khalifa wa pili, alizifanyia kazi aya hizo za Hashr. Iraq ilipofunguliwa na majeshi ya Waislamu, wapiganaji walidai wagawiwe ardhi ya Sawad, yaani mashamba yenye rutuba ya Iraq, na Bilal (r.a.) alikuwa miongoni mwa walioshikilia sana. Umar akakataa. Wakulima akawaachia mashamba yao, akaweka kharaj, yaani kodi ya ardhi, na mapato yakawa ya Waislamu wote, hata wasiozaliwa bado. Lau angaliwagawia, ardhi ile ingerithiwa na wachache, kizazi baada ya kizazi. Basi atuambie ndugu yetu: Umar naye alipinga mgawo wa Mola wake?

Kuhusu kutoza zaidi ya zaka, wanazuoni Ghazali na Shatibi wamemruhusu mtawala kuwatoza wenye uwezo hazina inapokauka na haja ikawa ya kweli. Lakini mwanazuoni Izzuddin bin Abdissalam, Misri ilipotishwa na Wamongolia, alimwekea Sultani Qutuz wa Misri sharti: raia wasiguswe mpaka wakubwa wa jeshi watoe kwanza mapambo yao ya dhahabu. Ukali wa ndugu yako ungefaa huku. Kodi inayoishia mifukoni mwa viongozi ni dhulma kwa aliyetozwa na kwa maskini aliyetajwa kama kisingizio.

Ama zaka, kodi haiwi badala yake. Zaka ni ibada yenye nia, bunge haliwezi kubadili kiwango chake, na wanaopewa ni mafungu 8 ya Suratu Tawba, aya ya 60. Kodi uliyokwisha kulipa kabla ya mwaka wa mali kutimia imeshatoka mikononi mwako, usiihesabu katika mali ya kutolea zaka. Kilichobaki kikifika nisabu, kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, yaani thamani ya takriban gramu 85 za dhahabu, kitolee asilimia 2.5.

Wallahu aalam.