Kwa Wewe Unayedarizi kwa Kujificha

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe mrefu kutoka kwa kaka mmoja, mwalimu wa sekondari huko Nyanda za Juu Kusini. Anaomba nisimtaje, nami simtaji. Anasema alifundishwa kudarizi na dada yake wakati akiuguza mguu uliovunjika, akaanza na mshono wa msalaba kwenye kitambaa cha aida, kile chenye matundu yaliyopangwa ya kuhesabika, mguu ukapona na yeye hakuacha. Shida yake ni kwamba anadarizi mlango ukiwa umefungwa na pazia limeshushwa. Siku moja mwalimu mwenzake aliingia bila kubisha hodi akamkuta na fremu mkononi, na kesho yake ofisi nzima ya walimu ikawa inamwita Mama Vitambaa. "Dada," ameandika, "niache au niendelee? Na nikiendelea, niwajibu nini?" Mwishoni ameuliza pia afanye nini, maana uzi mwekundu umechuja rangi kwenye kitambaa chake cheupe.

Nilimjibu kwa maneno machache siku ileile: endelea. Lakini najua wako wengi wanaoficha sindano zao kwenye mikoba kama vile wameiba, kwa hiyo leo nalijibu swali hili mbele ya wote.

Mimi nimekulia ndani ya vitambaa. Mama yangu, kama akina mama wengi wa Tanga wa miaka ya 1980, hakuacha kochi, meza, redio wala foronya bila kitambaa chake. Vingine vilikuwa vya maua, vingine vya maneno: "Karibu Mgeni", "Mungu Ibariki Nyumba Hii". Alichora mwenyewe kwa penseli juu ya marikani, akakaa barazani baada ya Alasiri na wenzake, mikono ikienda, midomo ikienda. Mimi mshono wa msalaba nilifundishwa shuleni, kwenye sayansi kimu, na sista mmoja aliyekuwa akigeuza kazi nyuma kabla hajaitazama mbele. Nyuma pakiwa na mafundo na nyuzi zinazoning'inia, unafumua.

Wakati ule msichana anayejua sindano alisifiwa. Majirani walimwambia mama, "Binti yako ana mikono." Nikasoma, nikapata shahada, nikaajiriwa mhasibu hapa Dar es Salaam, na sindano ileile ikageuka kuwa aibu. "Mhasibu mzima unakaa kushona vitambaa?" Nimeisikia kauli hiyo kwa bosi, kwa wifi, kwa jirani, hata kwa dereva wa bodaboda aliyenikuta nikimsubiri kwenye ngazi. Watu wetu wana mpangilio wao wa heshima, na humo kazi ya mikono ni ya mtu ambaye hakupata nyingine. Ukishapata nyingine, wanataka uiache kama unavyoacha kandambili mlangoni.

Wengine husema ni mambo ya mabibi. Wengine, ni mambo ya Wazungu na masista. Hawa wa pili ningependa wawaone wanawake wa Palestina, ambao mshono huuhuu wa msalaba umejaa kifuani na mikononi mwa nguo zao za heshima, na kwa michoro yake mtu aliweza kujua mvaaji ametoka kijiji gani. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza darizi hiyo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Na hapa kwetu pwani, mzee akipita na kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono Zanzibar au Lamu, vitundu vimezungushiwa uzi kimoja kimoja kuanzia ukingoni hadi juu, watu humuuliza nani kakushonea. Hawamuulizi fundi hakuwa na kazi nyingine. Kofia ile ni wiki, wakati mwingine miezi, ya mtu aliyeinamia sindano. Anayekucheka huenda anayo moja nyumbani, anaivaa Ijumaa.

Lakini lililoniumiza zaidi halikutoka kwa watu baki.

Binamu yangu, tuliyelala kitanda kimoja utotoni, alipokuwa anaolewa niliamua kumdarizia zawadi. Majina yao wawili, tarehe ya ndoa, na pindo la asumini kuzunguka pande zote nne, kwa sababu nyumbani kwa bibi yetu palikuwa na asumini karibu na kisima na sisi ndio tuliokuwa tukizichuma. Kijani nilichotumia kwenye majani kilikuwa vivuli vitatu tofauti. Majani yaliyo karibu na maua nikayapa kijani kilichokolea kabisa, ili weupe wa ua uonekane, maana ua jeupe juu ya kitambaa cheupe hupotea usipolizungushia kitu. Nilishona usiku baada ya kazi, nilishona Jumapili, nilishona umeme ulipokatika kwa taa ya kuchaji. Nikaitia kwenye fremu ya mninga yenye kioo.

Siku ya kicheni pati, kamati ilikuwa imenunua friji na jiko la gesi. Mashangazi waliingia wakicheza na seti za sufuria kichwani. Ikafika zamu yangu. Mshereheshaji akaifungua kanga, akaiinua fremu juu, chini ikiwa juu, akasema kwenye kipaza sauti: "Na hapa jamani tuna kitambaa! Cha kufunikia redio au cha kushikia sufuria?" Ukumbi ukaangua kicheko. Shangazi mmoja akaniinamia: "Si ungetoa hela tu, mwanangu?" Nikatazama jukwaani. Binamu yangu naye alikuwa anacheka.

Nimeshaenda kwake mara nyingi tangu siku ile. Ana watoto sasa, nawapenda kama wangu. Fremu ile sijaiona ukutani wala mezani. Sijauliza, na sitauliza.

Baada ya hapo niliamua sitashona tena kwa ajili ya kuonwa, na uamuzi huo ndio ulionifanya nielewe kwa nini nashona. Maana kicheko hakikuniondolea hamu. Jumatatu yake nilirudi kutoka kazini, nikaoga, nikakaa kwenye kiti changu cha dirishani, nikatunga uzi.

Asiyedarizi hudhani raha iko mwishoni, kwenye picha iliyokamilika. Ingekuwa hivyo hakuna ambaye angefika mwisho. Kitambaa cha aida namba 14 kina vyumba, yaani miraba midogo ya kushonea, 14 kwa kila inchi, kwa hiyo inchi moja ya mraba ni misalaba 196. Picha ya vyumba mia kwa mia, ambayo upana wake haufiki hata shubiri, ukiijaza yote ni misalaba 10,000, na kwa kila msalaba sindano inapita kwenye kitambaa mara nne. Nani angevumilia hayo kwa kungoja mwisho tu?

Raha iko kwenye kuhesabu. Unatazama mchoro: tano kulia, ruka mbili, tatu tena. Akili inayohesabu vyumba haina nafasi ya kurudia maneno ya bosi. Unatenganisha uzi: ule wa kampuni za Anchor au DMC una nyuzi sita ndani yake, na kwa aida namba 14 wengi tunashona na mbili, kwa hiyo unachomoa mmoja, unaunyoosha, unachomoa wa pili, unaziunganisha upya ili zilale bila kujisokota. Kisha unapiga mishazari ya kwanza mstari mzima ukienda, halafu unarudi ukiifunga. Mishazari ya juu lazima yote ielekee upande mmoja. Ikielekea huku na huku, mwanga unaipiga vibaya na rangi moja inaonekana kama mbili. Ikielekea upande mmoja, kitambaa kinang'aa sawasawa kama maji yaliyotulia, na ukipitisha kidole juu yake unasikia safu. Hilo halipigiki picha kwa simu.

Na ukikosea, unafumua. Mimi kazini nikikosea tarakimu moja kuna barua, kuna kikao. Kwenye kitambaa uzi unarudi nyuma, matundu yanabaki yalivyokuwa, unaanza tena na hakuna anayejua.

Mama alipolazwa, nilikuwa nashona kwenye benchi la nje ya wodi. Siwezi kusema ilinifariji, neno hilo ni kubwa mno. Ilinipa mahali pa kuweka mikono. Mama mwenyewe, siku alizokuwa na nguvu, alinyoosha mkono nimpe, akaigeuza nyuma kwanza, kama yule sista.

Sasa, kaka yangu mwalimu. Wanaokuita Mama Vitambaa hawajui historia, na wewe ni mwalimu, wafundishe. Mwaka 1941 afisa wa jeshi la Uingereza, Meja Alexis Casdagli, alitekwa na Wajerumani kwenye kisiwa cha Krete, Ugiriki. Akiwa mfungwa wa vita alidarizi kitambaa kwa mshono wa msalaba, nyuzi zikiwa zimefumuliwa kwenye sweta kuukuu. Kwenye pindo aliweka nukta na vistari vilivyoonekana kama urembo. Zilikuwa ni alama za Mosi (Morse), zile zinazoandika herufi kwa nukta na vistari: Mungu Mlinde Mfalme, pamoja na tusi zito kwa Hitler. Waliomfunga wakaipenda kazi ile, wakaitundika kambini ionwe na watu, wasijue wanalitundika tusi. Mwanawe amesimulia kwamba baba yake alikuwa akisema Msalaba Mwekundu uliokoa maisha yake, lakini darizi ndiyo iliyookoa akili yake.

Na kabla yake, mwaka 1918, huko Uingereza ilianzishwa kazi maalumu ya darizi kwa askari walioumizwa katika Vita Kuu ya Kwanza, kwa jitihada za mwigizaji Ernest Thesiger. Watu waliopoteza miguu, waliovunjwa na mabomu, waliletewa sindano na nyuzi vitandani. Kitambaa kilichowekwa mbele ya altare ya Kanisa Kuu la St Paul's, London, kwenye ibada ya shukrani ya mwaka 1919, kilidariziwa na askari wa namna hiyo, Waingereza, Waaustralia, Wakanada na watu wa Afrika Kusini. Mguu wako uliovunjika ulikuingiza kwenye ukoo mkubwa wa wanaume.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: fungua mlango. Kinachofichwa ndicho kinachochekwa. Shona kwenye ofisi ya walimu saa ya chai, mbele yao, bila kujieleza. Watacheka siku ya kwanza. Siku ya pili mmoja atasogea aulize hizo rangi unazijuaje. Kazini kwetu wanaonicheka wamepungua hadi mmoja, na wawili nimewafundisha mimi.

La pili, usikubali kuvutwa kwenye bei. "Unauza shilingi ngapi?" ni swali la wema, wengi huliuliza kwa kukutakia heri, lakini ukilijibu umeshakubali kwamba kazi isiyouzwa haina maana. Pale Kariakoo mashine ya kompyuta inadarizi mbele ya kanzu kabla hujamaliza soda. Hushindani nayo. Ukipiga hesabu ya saa zako kwa ujira wa fundi yeyote, hakuna wa kuinunua kazi ile, na mimi ni mhasibu, hesabu hiyo nimeipiga. Waambie, "Siuzi, naipenda." Basi. Mbona mtu anayetazama mpira dakika tisini haulizwi ameuza nini?

La tatu, usimpe kazi yako mtu ambaye hujawahi kumwona akisimama kuitazama. Si kila ndugu anastahili. Mpe friji anayetaka friji. Darizi mpe yule aliyeigusa, akauliza, akarudi kuitazama tena. Nawaambieni hili kwa uchungu, na narudia: si kila ndugu.

Wala msingoje ruhusa ya mtu, jamani. Tumekuwa watu wa kuomba radhi kwa kila kinachotufurahisha. Mtu anaweza kukaa kijiweni kwa saa nne akabishana kuhusu timu ambayo haimjui, akaitwa mwanaume. Mtu anaweza kutembeza kidole kwenye simu hadi saa saba usiku, akaitwa yuko kisasa. Wewe umekaa kimya, umetengeneza kitu kwa mikono yako, hukumdhuru mtu, halafu wewe ndiye unayeshusha pazia? Pandisha pazia. Tena mwanga wa dirishani ni mzuri kwa macho kuliko wa balbu.

Swali lako jingine, kaka, la uzi mwekundu kuchuja kwenye kitambaa cheupe, jibu lake ni hili. Usikaushe na usipige pasi, joto litaigandisha rangi ile na haitoki tena. Itumbukize kazi yote kwenye beseni la maji baridi sasa hivi, yakipata wekundu uyamwage uweke mengine, uendelee hivyo hata kama ni usiku kucha, hadi maji yabaki meupe. Usiisugue wala kuikamua. Ilaze juu ya taulo safi, uikunje pamoja nayo taulo linyonye maji, kisha uangalie: kama wekundu bado upo, rudi kwenye beseni. Ukishatoka wote, ianike kivulini ikiwa imelala, na pasi uipige upande wa nyuma. Siku nyingine, kabla hujaanza, chukua kipande cha uzi mwekundu au wa bluu iliyoiva, ukiloweshe, ukibane ndani ya kitambaa cheupe usichokihitaji. Kipande hicho kikiacha alama, uzi huo usafishe kwanza kwa maji hadi uishiwe rangi ya kumwaga, ndipo uushonee.