Panda Majani Kabla ya Kununua Mtamba

Mtu akiniuliza hapa Muheza anunue mtamba (ng'ombe jike ambaye hajazaa) wa aina gani, mimi humuuliza majani yake yako wapi. Wengi hunyoosha mkono kuelekea barabarani. Majani ya barabarani ni ya masika. Ikifika Januari na Februari, jua la kaskazi likishika, hakuna kitu huko ila vumbi.

Ng'ombe wa kilo 400 anataka karibu kilo 40 za majani mabichi kila siku. Piga hesabu ya mizigo ya baiskeli, kisha useme nani ataibeba.

Kwa hiyo anza na matete, yaani majani ya tembo, mwanzo wa mvua. Chukua pingili zenye macho matatu, uzilaze mshazari, macho mawili yafukiwe. Yakifika mita moja hivi, kata. Ukisubiri yakupite kichwa, shina linakuwa fito: ng'ombe atachambua majani na kukanyaga yaliyobaki. Katakata vipande vidogo, na samadi irudi palepale shambani, la sivyo mwaka wa pili utavuna vijiti.

Mpakani panda lukina, mti wa malisho. Ina protini nyingi na mizizi yake huirudishia ardhi naitrojeni. Ila usimlishe ng'ombe lukina peke yake; isizidi theluthi ya chakula chake, maana ina sumu yake, maimosini.

Kwenye muhogo ndipo naona mali nyingi ikitupwa. Maganda na majani ni chakula kizuri, lakini vikiwa vibichi vina sianidi, hasa muhogo mchungu. Vikatekate, vianike juani vikauke kabisa, ndipo uwape. Mbegu yenyewe mimi napenda Kiroba, kwa sababu huvumilia ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Vijiti vyake vitoe kwenye shamba lisilo na ugonjwa wa batobato, hata kama ni mbali na kwako. Vijiti vya bure vya jirani vinaweza kukugharimu shamba zima.

Mabua ya mahindi nayo usiyachome. Yahifadhi pakavu, na kiangazi yakatekate uyanyunyizie molasi kidogo, ule uji mtamu wa viwanda vya sukari. Pumba na mashudu yaongeze kwa anayekamuliwa. Chumvi ya mawe na maji ni kwa wote.

Soko lipo: kiwanda cha Tanga Fresh hununua maziwa ya wafugaji wadogo kupitia vituo vya kukusanyia. Maziwa ya kiangazi ndiyo huwa hayapatikani, na huwezi kuyakamua kwenye vumbi la barabarani.

Mwenye mbuzi naye apande lukina hiyohiyo, ila aweke uzio kwanza. Miche michanga haitamaliza wiki.