Kodi imerudishwa, lakini mkataba bado upo

Mwanangu fundi wa Ngamiani, Tanga,

Barua yako nimeisoma pamoja na nakala ya mkataba. Unasema ulilipa kodi ya miezi sita, na sasa, mwezi wa pili tu, mwenye nyumba amekurudishia ya miezi minne kwa simu na kukutaka uondoe vyerehani vyako ndani ya wiki moja, kwa kuwa mpwa wake anaitaka fremu hiyo, yaani chumba chako cha biashara. Unauliza kama mwenye mali anaweza kuzuiwa kuchukua chake.

Fremu ni yake, lakini Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inamtaka amwache mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti akae kwa utulivu mpaka muda wake uishe. Mkataba wenu unasema anayetaka kuuvunja atoe notisi ya maandishi ya miezi mitatu. Mpwa hatajwi popote. (Wapwa wa wenye nyumba huibuka sana pale biashara ya mpangaji inapochangamka.) Hata hivyo, kifungu hicho cha notisi kinakubana nawe pia: akitoa notisi halali leo, miezi mitatu ndiyo utakayoweza kuidai, si muda wote uliobaki wa mkataba.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hizo fedha. Usizitumie, na usinyamaze, kwani ukimya wako anaweza kuuita ridhaa. Mwandikie leo kwamba hukukubali mkataba uvunjwe na kwamba fedha zake umezihifadhi, kisha nakala mpe mwenyekiti wa mtaa aliyeshuhudia mkisaini. Funguo usizirudishe. Akibadilisha kufuli usilivunje. Piga picha na umwite mwenyekiti.

Akikaidi, nenda Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 kazi yake katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha tu. Likishindwa litakupa hati ya kwenda nayo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kabla ya hapo lipia mkataba ushuru wa stempu kwa Mamlaka ya Mapato (TRA), maana usiolipiwa unaweza kukataliwa usiwe ushahidi.

Madai yako yawe ya hasara inayoonekana: pesa ya dalali, rangi, kabati ulizopigilia ukutani, kazi iliyosimama. Tunza risiti. Sheria ya Mikataba inakutaka nawe upunguze hasara, kwa hiyo ukipata fremu nyingine nzuri usiikatae kwa hasira. Mimi ningempa nafasi moja ya kumaliza mbele ya mwenyekiti: miezi mitatu kamili na gharama za kuhama, kwa maandishi.

Wako,
Shangazi