Gego la Mwisho: Ukisubiri, Mfupa Hausubiri

Msomaji wa miaka 44 ameuliza: gego lake la mwisho, chini kushoto, humvimba kila baada ya miezi michache. Anameza antibiotiki, linatulia, anasahau. Je, kuna ubaya akiendelea hivyo? Upo, na unakua kila mwaka anaoongeza.

Antibiotiki hutuliza usaha tu. Haigusi mfuko ulioko kati ya ufizi na jino lililotokeza nusu, na huko ndiko mabaki ya chakula hujazana, mahali ambapo mswaki haufiki. Mfuko ukibaki, uvimbe utarudi.

Magego haya huota kati ya miaka 17 na 25. Taya likikosa nafasi, jino hulala ubavu likimwegemea jirani yake. Katika umri huo mizizi mara nyingi haijakamilika na mfupa bado unakubali kusukumwa. Kuanzia miaka 30 hivi na kuendelea kazi huwa nyingine. Mizizi imekomaa, mingine imepinda nchani kama ndoana, mfupa umekuwa mgumu, na utando unaolitenga jino na mfupa umekonda. Jino ambalo lingetoka kwa kutikiswa sasa linaweza kudai ufizi uchanwe, mfupa uchimbwe kwa drili, na lenyewe likatwe vipande viwili au vitatu.

Halafu kuna neva. Hupita ndani ya taya la chini, chini ya mizizi hiyo, ikipeleka hisia mdomoni na kidevuni. Mizizi mirefu huikaribia, mara nyingine huibana kabisa. Ikijeruhiwa, ganzi hubaki kwa wiki au miezi, na kwa wachache haiondoki: mtu anakunywa, maji yanamtiririka kidevuni, naye hana habari. Ndiyo maana eksirei ya taya zima ni lazima kabla ya upasuaji. Ikionyesha mizizi imegusana na njia ya neva, omba picha ya pande tatu (3D). Daktari anaweza kuamua kukata kichwa cha jino tu na kuiacha mizizi mahali pake kwa makusudi. Huo si uzembe.

Watu huogopa maumivu, kumbe hasara kubwa huja kimya. Gego lililolala huozesha mgongo wa jino la mbele yake, chini ya ufizi, bila dalili kwa muda mrefu. Unaingia kung'olewa jino usilolihitaji, unatoka umepoteza na lile unalotafunia.

Mwili nao si ule wa miaka 20. Mtajie daktari kila dawa unayotumia. Za kuzuia damu kuganda usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Za kuimarisha mifupa zinaweza kufanya kidonda cha taya kikatae kupona. Kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kupona na hukaribisha maambukizi. Taya kuvunjika ni nadra, ila hutokea zaidi kwa waliopita miaka 40, mara nyingi wiki ya pili hadi ya nne baada ya jino kung'olewa, mtu akishajiona mzima na kuuma kitu kigumu. Kaa na vyakula laini mwezi mzima.

Sisemi kila gego ling'olewe. Lililosimama wima, limetoka lote na linasuguliwa vizuri, liache. Lililozikwa ndani kabisa ya mfupa bila ugonjwa, kwa mtu wa miaka 50, mara nyingi huachwa na kufuatiliwa kwa eksirei. La msomaji wetu si hilo. Limevimba mara kwa mara, basi aende wakati limetulia, asingoje livimbe tena.

Akishang'olewa: aume kitambaa cha shashi cha kufungia vidonda dakika 30 hadi 60 bila kukifunguafungua. Saa 24 za kwanza asisukutue, asiteme kwa nguvu, asinyonye mrija, asivute sigara, kwa maana donge la damu likichomoka mfupa hubaki wazi. Baadaye asukutue taratibu kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu. Uvimbe hufika kilele siku ya pili au ya tatu kisha hushuka. Maumivu yakipanda siku ya tatu hadi ya tano na kukimbilia sikioni, arudi kliniki. Kidonda kisafishwe na kuwekwa dawa. Na uvimbe ukishuka shingoni, au kumeza na kupumua kukawa shida, aende hospitali usiku huohuo.