Mama mdogo, usiogope kanisa. Uliza Desemba atalala wapi

Nimepokea ujumbe wa sauti wa dakika saba kutoka Majengo, Mombasa, na nyuma ya sauti namsikia muadhini akigombana na honi za tuktuk. Ni mama mdogo. Mwanawe amepata barua ya chuo kidogo cha kanisa, huko katikati ya Marekani kwenye mashamba ya mahindi, na wamempa punguzo kubwa. Anauliza mawili: je, watamtia Ukristo? Na chuo kisichofundisha udaktari, uinjinia wala sheria, mtoto anaenda kusomea nini?

Mimi nilisoma chuo cha aina hiyo, cha Kilutheri, Iowa, 2016 hadi 2020. Najibu hapa mbele ya watu kwa sababu yeye ni mzazi wa tatu kuniuliza mwaka huu, na wawili wa mwanzo niliwajibu kwa adabu kupita kiasi.

Tuanze na kanisa. Mama mdogo, wewe mwenyewe ulisomeshwa na masista pale Star of the Sea na ukatoka na buibui lako. Ila vyuo hivi havifanani. Wheaton ya Illinois, kwa mfano, mwanafunzi hutia saini agano la mwenendo wa Kikristo na kuhudhuria ibada ni lazima, huko asiende. St. Olaf ya Walutheri, Minnesota, ibada ipo kila siku ya masomo lakini anayetaka ndiye anayeingia. Chuoni kwangu kengele ililia saa nne asubuhi, masomo yakasimama nusu saa, wengine wakaenda kanisani na wengi wakaenda kunywa kahawa. Kilichokuwa lazima ni masomo mawili ya dini. La kwanza lilikuwa la Biblia. Mwalimu alikuwa mchungaji, na tulipofika kwa Yusuf na ndugu zake akaniuliza kama naijua kwa upande wetu. Nikamsomea aya za mwanzo za Surat Yusuf kwa Kiarabu, kwa sauti ile ile niliyochapiwa fimbo madrasa ya Mji wa Kale. Darasa la watu kumi na wanne likanyamaza kimya. Basi hiyo ndiyo hatari ya kanisa niliyoiona.

Kama unatafuta cha kuogopa, ogopa bweni usiku wa Jumamosi. Hapo hakuna mchungaji.

Kuhusu cha kusomea: chuo cha namna hii hakikupi kazi moja. Mwaka wa kwanza nilisoma kemia, historia, uandishi na uchoraji wa mkaa, na fani kuu unaichagua mwisho wa mwaka wa pili. Niliporudi likizo, mjomba akaniuliza barazani, "Unasomea nini?" Nikamwambia bado sijachagua. Akakiweka chini kikombe cha kahawa, asiseme neno. Nilimwelewa. Nyumba nzima imechangishana, na wewe bado unachagua! Lakini kule nilijifunza kuandika hoja nikaitetea, na walimu walionijua kwa jina ndio walioniandikia barua zilizonipatia kazi. Nikachagua takwimu, na sitadanganya kwamba ilikuwa mapenzi: ukimaliza digrii, sheria ya Marekani inampa mgeni mwaka mmoja wa kufanya kazi ya fani yake, na wa sayansi na hesabu wanaweza kuongezewa miezi 24.

Kama kijana anataka udaktari na hataki kingine, abaki Kenya. Marekani udaktari huja baada ya digrii ya kwanza, na vyuo vingi vya udaktari havimpokei mgeni.

Sasa pesa, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Punguzo kubwa si sadaka. Vyuo vidogo vya binafsi huandika bei ya juu kisha humpunguzia karibu kila mtu, kama muuza vitenge Biashara Street anayeanza na elfu tatu akijua ataishia elfu moja na nusu. Usitazame walichopunguza, tazama kilichobaki. Bei yangu ilikuwa dola 52,000 kwa mwaka, wakanipa 34,000, zikabaki 18,000. Kwa shilingi za leo ni zaidi ya milioni mbili, kila mwaka, mara nne. Na bei ilipanda kila mwaka wakati msaada ulibaki pale pale. Mwaka wa tatu baba aliuza gari.

"Atafanya kazi," unasema. Sheria inamruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, tena ndani ya chuo tu. Mimi nilipewa saa kumi za kuosha sahani, dola 7.25 kwa saa. Piga hesabu ya wiki thelathini: hata sehemu moja ya nane ya zile 18,000 haikufika. Na zile pesa za kuazimana ziingizwe benki ili zionekane kwenye karatasi za viza, kisha zirudi kwa mwenyewe, acheni. Gigiri, kwenye ubalozi wa Marekani, mtapita, lakini Januari karo ikidaiwa mtakwama. Kama mfuko ni mwepesi na matokeo yake ni mazuri, ajaribu Berea, Kentucky: mizizi yake ni ya Kikristo lakini haina dhehebu, wanafunzi hawalipi karo na wote hufanya kazi chuoni. Kuingia ni kugumu, lakini kuomba si dhambi.

Uliza pia kama chuo kitakuwepo miaka minne. Sikutishi. Iowa Wesleyan ya Wamethodisti ilikuwepo tangu 1842, na Mei 2023 ikafunga. Birmingham-Southern ya Alabama, ya Wamethodisti pia, ikafuata Mei 2024. Wanafunzi wamepungua, madeni yamezidi. Basi atafute habari za chuo chake kwenye magazeti ya mji ule, asitosheke na picha za wanafunzi wakicheka kwenye nyasi.

Na Desemba. Hili hakuna aliyeniambia. Mwaka wa kwanza, wiki ya mitihani, nilikuta karatasi chini ya mlango: mabweni yanafungwa, kila mtu atoke na mzigo wake, hadi Januari. Nje ni nyuzi ishirini chini ya sifuri. Mji hauna matatu, hauna basi, na tiketi ya Mombasa ilikuwa sawa na chakula cha muhula. Nililia msalani ili mwenzangu asinione.

Aliyenichukua ni bibi mmoja mzee wa kanisa lao, mpiga kinanda mstaafu. Siku ya kwanza akaniuliza ninaswali kuelekea wapi, ili asogeze kabati. Nikasita. Kwetu Mombasa kibla ni kaskazini wima, hata mtoto anajua. Yeye alidhani ni mashariki. Akaleta dira ya marehemu mumewe, ya kuwindia paa, tukaiweka juu ya zulia, simu ikatuambia kaskazini mashariki. Akalisogeza kabati mwenyewe, na miaka yake sabini na tisa, akanikataza kusaidia. Krismasi akapika maharage mara mbili, sufuria moja yenye nguruwe na moja yangu, akaifunga yangu kitambaa chekundu nisikosee.

Lakini huyo nilimpata kwa bahati. Chuo hakikunipangia kitu.

Kwa hiyo mama mdogo, mwambie kijana awaandikie maswali mawili tu: msaada huu utapanda bei ikipanda? Na mabweni yakifungwa, mgeni hulala wapi? Wakijibu kwa mafumbo, hilo nalo ni jibu. Nawe nipigie picha ule ukurasa wa hesabu kwenye barua unitumie leo usiku, kabla hujaongea na yule dalali kuhusu kuuza kiwanja cha Bamburi.